Msomaji Mmoja, Vifaa Vingapi? Uhakiki wa Istilahi za Magazeti ya Kulipia

Miongoni mwa matini zinazomfikia mfasiri wa Kiswahili siku hizi zimo kanuni za magazeti yanayosomwa kwa malipo katika mtandao. Magazeti ya namna hiyo si mageni tena. The Times la London lilianza kuwatoza wasomaji wa tovuti yake Julai 2010. The New York Times lilifuata tarehe 28 Machi 2011, likimwachia msomaji asiyelipa makala 20 kwa mwezi, na mwaka uliofuata likazipunguza zikawa 10. Nairobi nako, tovuti ya Nation ilianza kuomba malipo Februari 2021. Mlango ukishawekwa, hapana budi ziwepo kanuni za ufunguo: nani aingie, kwa chombo gani, na je, aliyelipa aweza kumpisha mwenziwe? Kanuni hizo ndizo zinazotafsiriwa, na katika kutafsiriwa huko Kiswahili kimepewa maneno ambayo, kwa maoni yangu, baadhi yake yanampotosha msomaji juu ya fedha zake na wajibu wake.

Nasema fedha na wajibu kwa makusudi. Istilahi ya botania ikikosewa, mwanafunzi hupoteza alama. Istilahi ya mkataba ikikosewa, mtu hutozwa asichokijua, ama huogopa kosa asilolitenda, ama hutenda kosa akidhani ameruhusiwa. Kwa hiyo nitakayoyahakiki hapa hayahusu uzuri wa maneno. Hoja yangu ni kwamba wengi wetu tumetafuta jina la Kiswahili la kuwekea jina la Kiingereza kabla ya kuchunguza tendo lenyewe, ilhali utajiri wa lugha yetu katika mambo haya umo katika vitenzi na minyambuliko yake.

Tangazo la Le Monde

Mfano nitakaoutegemea ni wa Kifaransa, kwa sababu umeandikwa kwa uangalifu mkubwa kuliko mingi ya Kiingereza. Le Monde ni gazeti la Paris lililoasisiwa Desemba 1944, na linao wasomaji hata Bujumbura na Lubumbashi, mahali ambapo mtu aweza kusoma Kifaransa ofisini na kusema Kiswahili sokoni. Mwenye kulipia gazeti hilo anaweza kuingia kwa akaunti yake katika simu, kompyuta na kishikwambi, hata vikiwa vingi kiasi gani, bila kuhesabiwa. Asichoweza ni kusoma katika viwili kwa wakati mmoja. Kifaa cha pili kikifunguliwa, hutokea tangazo la kumwarifu kwamba gazeti linasomwa katika kifaa kingine. Hapo msomaji anayo hiari ya kuendelea kusoma pale alipo. Akifanya hivyo tangazo huhamia kwenye kile kifaa cha kwanza, ambacho hata hivyo hakitolewi nje ya akaunti. Na kama hamjui huyo anayesoma upande wa pili, anashauriwa kubadilisha nywila.

Yafaa tulitazame tangazo hili kama tutazamavyo matini yoyote iliyotungwa vizuri. Halimshtaki mtu. Kichwa chake hakisemi kwamba fulani anasoma; kinasema usomaji unaendelea mahali pengine. Na pale linapomtaja msomaji wa pili, linaongeza upesi kwamba huenda ni wewe mwenyewe, kwani watu wengi huacha gazeti wazi katika kompyuta ya kazini kisha wakafungua simu garini. Adabu hii Kiswahili kinaiweza bila taabu kwa sababu tuna kauli ya kutendwa: "Gazeti linasomwa sasa katika kifaa kingine." Mfasiri anayeandika "Mtu mwingine anatumia akaunti yako" amekwisha kumtia msomaji hofu ya mwizi, na hofu hiyo haimo katika matini asilia.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kikomo kilichomo katika kanuni hii si cha idadi ya vifaa. Ni cha wakati. Hata hivyo tafsiri nyingi huweka "kikomo cha vifaa" popote penye habari ya namna hii, na msomaji akiona maneno hayo huelewa kwamba anaruhusiwa vifaa kadhaa na si zaidi. Kampuni nyingine kweli huweka kikomo cha idadi: kifaa cha sita hakiandikishwi mpaka kimoja cha zamani kifutwe. Nyingine, kama Le Monde, huhesabu vile tu vinavyosoma kwa pamoja. Hizi ni kanuni mbili, na athari zake kwa mlipaji ni mbalimbali kabisa. Wa kwanza akinunua simu mpya hapana budi aandike barua ya kuomba nafasi, wa pili hana la kuomba. Napendekeza basi tuache "kikomo cha vifaa" kama jina la jumla tu, na katika kanuni zenyewe tuandike "idadi ya vifaa vilivyoandikishwa" pale ilipo ya kwanza, na "idadi ya vifaa vinavyosoma kwa wakati mmoja" pale ilipo ya pili. Ni maneno mengi, nakubali. Lakini mkataba si bango la barabarani.

Nitaongeza hapa onyo dogo juu ya "kwa mara moja", ambayo nimeiona ikiwekwa mahali pa "kwa wakati mmoja". Kwa Mswahili "mara moja" ni ama hesabu ya tendo lisilorudiwa, ama ni kusema upesi, bila kukawia. "Soma katika kifaa kimoja kwa mara moja" ni sentensi inayomwambia msomaji aharakishe.

Juu ya neno "kifaa" lenyewe sina ugomvi mkubwa. Ni pana mno, maana jembe nalo ni kifaa, na kalamu ni kifaa. Lakini upana huo haumdhuru msomaji kwa sababu hapana atakayejaribu kusoma gazeti kwa jembe. Pale inapofaa kutaja aina, tunayo majina yanayotosha. "Kishikwambi" lilipotolewa wengi walilicheka. Sensa ya Agosti 2022 ilipofanywa kwa vishikwambi, na baadaye vishikwambi hivyo kupewa walimu, kicheko kilikoma. Neno lililochekwa likawa neno la orodha ya mali ya shule. Huo ni ushahidi kwamba istilahi hupokelewa inapokuja mkononi mwa mtu pamoja na kitu chenyewe.

Usajili si malipo

Nageukia sasa neno ambalo nadhani limeleta hasara kuliko mengine yote. Katika programu nyingi za simu, tendo la kulipa ili upate gazeti kwa mwezi au kwa mwaka huitwa "usajili". Tendo la kuandika jina lako, tarehe ya kuzaliwa na anwani ili utambuliwe nalo huitwa "usajili". Kiingereza kina maneno mawili yaliyo mbali, na Kifaransa vivyo hivyo. Kiswahili cha simu kimeyatia katika kikapu kimoja.

Tuangalie maana aliyonayo mwananchi kichwani anaposikia neno hilo. Kuna usajili wa vizazi na vifo. Kuna usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ambao Watanzania waliupangia foleni mwishoni mwa 2019 na Januari 2020. Kuna usajili wa vyama, wa walimu, wa magari. (Wapenzi wa soka wana usajili wao pia, wenye dirisha linalofunguliwa na kufungwa, na huo una fedha nyingi, lakini ni za klabu, si za shabiki.) Katika yote hayo wazo kuu ni kutiwa katika daftari ili utambulike. Hata panapokuwa na ada ndogo, ada hiyo hulipwa kwa ajili ya kuandikwa na kwisha. Hapana hata moja ambamo kusajiliwa kwako leo kunampa mwingine ruhusa ya kukukata fedha mwezi ujao, na mwezi unaofuata, mpaka useme basi.

Hivyo basi mtu anapobonyeza "Jisajili" akidhani anatoa jina, naye ameridhia malipo yanayojirudia, kosa si la uzembe wake. Na kinyume chake, akiletewa habari kwamba "usajili wako umekwisha", huingiwa na wasiwasi kwamba jina lake limefutwa na kumbukumbu zake zimepotea, ilhali kilichokwisha ni mwezi alioulipia. Nimemsikia mtumishi mmoja, mtu wa elimu ya kutosha, akieleza kwamba alisita kuacha kulipia gazeti fulani kwa kuwa kitufe kiliandikwa "Futa usajili", naye hakutaka akaunti yake ifutwe.

Tuseme nini basi? Yako maneno kadhaa yaliyopendekezwa au yanayotumika. "Uandikishaji" una kasoro ileile ya usajili. "Mchango wa mwaka" ulifaa kwa majarida ya vyama, ambamo msomaji alikuwa mwanachama, na kwa gazeti la biashara haufai. "Kujiunga" kunatoka katika vifurushi vya simu, na kila mtu anakuelewa, lakini mtu hujiunga pia na jeshi, na chuo, na kikundi cha kuweka akiba. Kujiunga kunasema umeingia mahali, hakusemi kwamba unalipa. Neno ambalo watu wamejichagulia wenyewe, bila kamati yoyote, tunalisikia tangu ving'amuzi vilipoingia katika nyumba zetu, baada ya matangazo ya zamani ya televisheni kuanza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba 2012. Hapana asemaye amesajili king'amuzi cha mwezi huu. Husema amekilipia. Akiishiwa husema hajalipia. Mwanawe aliye mjini akimtumia fedha, husema amelipiwa.

Napendekeza neno hili lipandishwe cheo: "ulipiaji" kwa mpango wenyewe, "mlipiaji" kwa mtu, na "ulipiaji wa mwezi" au "wa mwaka" kwa muda. Faida yake kubwa imo katika mnyambuliko. Mlipiaji na msomaji si lazima wawe mtu mmoja, na Kiswahili kinaweza kulisema hilo bila maelezo: huyu amejilipia, yule amelipiwa. Kanuni nzima ya magazeti haya imejengwa juu ya swali hilohilo la nani alilipa na nani anasoma, na "usajili" hauwezi hata kuliuliza. Ile taarifa ya bure inayotumwa kwa barua pepe kila asubuhi tuiachie "kujiandikisha", maana hapo kweli mtu hutoa jina tu. Na "usajili" ubaki kwa daftari.

Najua litatolewa pingamizi kwamba "ulipiaji" halionyeshi kurudiarudia kwa malipo. Ni kweli, na ndiyo sababu nataka muda utajwe kila mara. Kampuni ikiandika "ulipiaji wa mwezi unaojirudia" imesema kila kitu ambacho mteja anayo haki ya kukijua kabla hajabonyeza.

Kushiriki, kuchangia, kupokezana

"Usishiriki nywila yako na mtu yeyote." Sentensi hii, au ndugu zake, imo katika simu za mamilioni ya watu. (Wengine huandika "nenosiri" mahali pa "nywila"; maneno yote mawili yanaeleweka na sioni sababu ya kuyapotezea wino.) Kwa Kiswahili nilichofundishwa, kushiriki ni kuwamo katika jambo pamoja na wengine: kushiriki mkutano, kushiriki maziko, kushiriki mashindano. Nywila si mkutano. Mtu hawezi kuishiriki. Aliyeandika hivyo alikuwa na kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho hufanya kazi nyingi, akakitafutia kitenzi kimoja cha Kiswahili na kukitwisha mzigo wote. Vijana wa mjini, kwa kusema "kushea", wamekuwa waaminifu zaidi: wao angalau hawakuliharibu neno lililokuwa na kazi yake.

Tukiacha jina na kutazama tendo, tutaona kwamba matendo ni zaidi ya moja. Mtu akimwambia mwenzake nywila yake, amempa. Wakiambiana wote wawili, wamepeana. Mtu akituma makala kwa rafiki, ameipeleka au ameisambaza. Akaunti yake haikuguswa. Watu wawili wakitumia akaunti moja, kila mmoja kwa simu yake, wanaichangia. Kitenzi hiki cha mwisho nakitetea kwa nguvu. Kampeni za afya zilikiweka wazi kwa kila mtu zilipohimiza watu wasichangie nyembe wala sindano. Wapangaji huchangia choo, wanafunzi huchangia kitabu na dawati. Kuchangia hapa ni watu zaidi ya mmoja kutumia kitu kimoja, na ndiyo maana halisi inayotafutwa. Kwa wasemaji wengi wa Kenya, najua, kuchangia huleta kwanza fikra ya harambee, yaani kutoa fedha. Kwao "kuitumia akaunti moja watu wengi" itakuwa salama, au mfasiri aeleze mara moja mwanzoni na kuendelea.

Lakini kuna tendo la nne, na hili ndilo lililonifanya nianze na Le Monde. Gazeti la karatasi limekuwa kitu cha watu wengi tangu zamani. Mambo Leo, lililoanza 1923, lilisomwa kwa sauti na mmoja huku wengine wakisikiliza. Leo hii nakala moja kibarazani au kwa kinyozi hupita mikono mingi kabla ya jioni, na mwisho wake hufungia maandazi. Hapana mhariri aliyewahi kumkataza mwenye nakala asimpe jirani. Hakuhitaji kukataza, kwa sababu karatasi yenyewe ilikuwa na kikomo: haikai mikononi mwa watu wawili walio mahali pawili. Anayeitaka husubiri. Tendo hilo Waswahili hawaliiti kuchangia, sembuse kushiriki. Huliita kupokezana.

Sasa irudie kanuni ya Le Monde. Vifaa vingi, lakini kimoja kwa wakati mmoja. Na mwenye kutaka kuendelea hapa hukatiza kule. Mtambo huu umeirudishia akaunti tabia ya karatasi. Umezuia kuchangia, lakini kwa namna ulivyoundwa hauwezi kuzuia kupokezana. Masharti ya gazeti ni makali kuliko mtambo wake, maana tangazo linamtaka mlipiaji ahakikishe kwamba ni yeye peke yake anayesoma kwa akaunti ile. Kuna basi mstari wa mkataba na kuna mstari wa mtambo, na kati ya mistari hiyo miwili ndimo wanamoishi mume na mke, au mwalimu na mwenzake wa chumba cha pili, wanaosoma kwa zamu gazeti moja lililolipiwa na mmoja wao. Mfasiri anayeandika "kushiriki akaunti hakuruhusiwi" ameifuta mistari yote miwili. Msomaji wake hawezi kujua kama anakatazwa kumpa mtu nywila, au kusoma wakati mmoja na mwingine, au kusoma baada ya mwingine, au, akilielewa neno kwa Kiswahili chake, kama anakatazwa kuitumia akaunti aliyoilipia mwenyewe!

Mimi ningelitafsiri sharti hilo kwa vitenzi vyake: "Akaunti hii ni ya mtu mmoja. Usimpe mwingine nywila. Gazeti husomwa katika kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja." Sentensi tatu fupi, kila moja na katazo au ruhusa yake. Kama kampuni haitaki kupokezana, na iseme hivyo kwa neno hilo; mlipiaji atajua amekatazwa nini, na ataamua kama bei inalingana na kilichobaki.

Kaya ya nani?

Kampuni za filamu zimeleta neno jingine, na dalili zote ni kwamba litazidi kuingia katika magazeti, ambayo nayo yanauza ulipiaji wa familia. Machi 2017 Netflix iliandika hadharani kwamba upendo ni kupeana nywila. Tarehe 23 Mei 2023 kampuni hiyohiyo ilianza kuwaarifu wateja wake wa Marekani kwamba akaunti ni ya kaya moja, na wa nje ya kaya aongezewe malipo. Wafasiri wetu walikuwa na "kaya" tayari, wakaiweka.

Kaya kwa mtumishi wa serikali ni neno la sensa: watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, wawe ndugu au wasiwe. Kwa Mmijikenda ni zaidi ya hapo, kwani makaya ni misitu mitakatifu ya wazee wake, iliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Lakini kaya ya kampuni hiyo haina watu ndani yake. Ni mkusanyiko wa vifaa vilivyounganishwa na intaneti mahali pale mteja anapotazamia hasa. Binti aliyekwenda kusoma Dodoma, ambaye baba yake Tanga bado anamlipia ada na chakula, si wa kaya hiyo. Televisheni ya sebuleni ni ya kaya. Neno la Kiswahili linalosema habari za watu limewekwa juu ya dhana inayosema habari za nyaya na mawimbi. Ningeandika "makazi ya akaunti", au kwa uwazi zaidi "mahali pamoja pa intaneti", na ningeiacha kaya kwa wahesabu watu.

Pia kuna suala la ukali. Kwa kuwa Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015 na Kenya ikatunga yake mwaka 2018, na zote mbili zinaadhibu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, maneno kama "haramu", "wizi" na "kinyume cha sheria" yamepata uzito mpya. Nimeyaona yakitumika kutafsiri maneno ya mkataba ambayo kwa asili yanasema tu kwamba jambo fulani halimo katika ruhusa iliyotolewa. Kuvunja sharti la gazeti kwaweza kumfanya mtu afungiwe akaunti. Hiyo ndiyo adhabu inayotajwa katika sharti. Kama kupeana nywila kunaweza kufikishwa mbali zaidi ya hapo ni swali la wanasheria, na mfasiri hana mamlaka ya kulijibu kwa kuteua neno kali. "Kusikoruhusiwa" kunatosha.

Limebaki jambo la ofisi na shule, ambalo kwa wasomaji wengi wa jarida hili ndilo la karibu zaidi. Mkuu wa chuo akitaka walimu wake ishirini wasome gazeti, kampuni humuuzia mpango ambamo malipo ni mamoja lakini kila mwalimu hupewa akaunti yake na nywila yake. Mpango huu nimeuona ukiitwa "akaunti ya pamoja". Neno hilo ni la benki, na katika benki lina maana iliyo wazi: akaunti moja, wenyewe wawili au zaidi, kila mmoja na haki ya kuigusa. Mkuu huyo akisoma "akaunti ya pamoja" atafanya kile ambacho neno linamwambia: atafungua akaunti moja, ataibandika nywila yake kwenye ubao wa chumba cha walimu, na asubuhi ya kwanza mwalimu wa pili atakapofungua simu, tangazo litatokea la kuwaambia kwamba gazeti linasomwa katika kifaa kingine. Kilicho cha pamoja hapo ni malipo. Kwa hiyo "ulipiaji wa pamoja" ndio unaofaa, na katika fomu za manunuzi idadi ya akaunti itajwe kando yake, kama itajwavyo idadi ya vitabu.